Majilio niliyojifunza kuitikia

Mimi ni fundi wa nguo hapa Nakuru. Kwa miaka kadhaa nimekuwa pia katibu wa jumuiya yetu ndogo ndogo, kazi ambayo sehemu yake kubwa ni daftari: nani amefika, nani ametoa mchango wa mazishi, wiki ijayo tunasali kwa nani. Zamu ya jumuiya kuongoza Misa ikifika, katibu ndiye anayeandika maombi ya waamini. Nilikuwa nikiyaandika vile ninavyokata sare za shule. Nina karatasi ya kipimo niliyoikata zamani. Naitandaza juu ya kitambaa, napitisha chaki pembeni, mkasi unafuata. Sihitaji kumwona mtoto atakayeivaa.

Ya wakati wa Krismasi yalikuwa hivi, mwaka baada ya mwaka: "Tuwaombee wagonjwa, wajane, yatima, wafungwa, na wote wanaoteseka duniani kote, ili Mungu awafariji katika msimu huu wa kuzaliwa kwa Mwanawe. Ee Bwana." Na kanisa zima: "Twakuomba utusikie." Halafu la pili, la tatu, hadi sadaka.

Mwaka 2023 kigango kilitupa sisi maombi ya Majilio yote, zile Jumapili nne kabla ya Krismasi. Tulikutana Jumatano, tarehe 29 Novemba, mvua za El Niño zikipiga mabati kiasi kwamba msomaji alilazimika kupaza sauti. Nikasoma nilichoandika. Nilipomaliza, shosho mmoja wa jumuiya, mkubwa kuliko sisi wote, aliyekaa kwenye kigoda karibu na mlango kwa sababu ya miguu yake, akaniuliza:

"Binti yangu, hawa wote wanaoteseka duniani kote, wanakaa mtaa gani?"

Hakuuliza kwa kejeli. Alitaka kujua. Nikamwambia ni watu wote, kila mahali, na Mungu anawajua. Akakubali kwa kichwa. "Mungu anawajua, ndiyo. Wewe unayeomba, unamjua nani?"

Nikafungua mdomo nikaufunga. Ndipo akageuka upande wa pili wa chumba, akamtazama mama mmoja aliyekuwa amemlaza mtoto mapajani. Huyu alikuwa amesali nasi tangu mwaka uliotangulia. Tulimwita Mama Sudan. Yaani, kwa mwaka mzima na zaidi, katika daftari langu mwenyewe, kwenye safu ya majina, niliandika hivyo: Mama Sudan.

"Mama," shosho akamwambia, "nyumbani kwenu amebaki nani?"

Kiswahili chake ni cha kujifunza sokoni, anakisema polepole na kwa usahihi. Alisema yeye ni wa Milima ya Nuba lakini alikulia Khartoum, na mdogo wake alibaki kule akiuza chai barabarani. Vita vilipoanza, Jumamosi tarehe 15 Aprili mwaka ule, ilikuwa mwezi wa Ramadhani na mji uko kimya asubuhi. Mdogo wake alifunga mlango wa nyumba kwa siku kumi, halafu akakimbia na watoto wanne hadi Wad Madani, mji wa kusini kidogo, ambako watu wengi wa Khartoum walikimbilia. Huko alikuwa amepata kona ya darasa katika shule. Akitaka kupiga simu, anaazima.

Shosho akamuuliza majina, la mdogo wake kwanza, kisha ya watoto, mmoja mmoja, na umri. Kisha akamuuliza na lake. Hapo ndipo nilipolijua jina la mwanamke tuliyekuwa tukigawana naye chai kila Jumatano. Hapa silitaji, kwa kuwa ndugu zake bado wako mahali pabaya. Lakini katika daftari nilikata lile nililokuwa nimeandika, nikaandika lake.

Jumapili ya kwanza ya Majilio ilikuwa tarehe 3 Desemba. Nilisoma mwenyewe. "Tumwombee dada yetu," nikamtaja, "muuza chai wa Khartoum, aliyekimbia na watoto wanne na sasa analala darasani Wad Madani, Mungu amfunike yeye na watoto wake." Nikawataja wote wanne. "Ee Bwana." Kanisa likachelewa kuitikia. Watu waliinua vichwa. Padri naye alikuwa amegeuka kunitazama. Halafu likaja, "Twakuomba utusikie," na sauti yake haikuwa ile ya kila Jumapili. Nilirudi kwenye benchi magoti yakinitetemeka, na sikuweza kueleza kwa nini.

Yaliyonipata usiku ule ndiyo sikuyatarajia. Nilikuwa na nguo za Krismasi za watu kumi na moja mezani, nikawa nashona hadi saa sita. Kila nilipobadilisha uzi, yule mtoto wa mwisho, mwenye miaka mitatu, alikuwa ananijia akilini. Je, amekula? Kule Desemba usiku kuna baridi? Nilikuwa nimewaombea watu maisha yangu yote na sijawahi kuulizwa na sala yangu mwenyewe swali kama hilo nikiwa kwenye cherehani. Wale "wote wanaoteseka duniani kote" walikuwa hawajaninyima usingizi hata dakika moja.

Nafikiri hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Kumwombea mtu ni kumfungulia mlango aingie akusumbue. Usipotaka kusumbuliwa, waombee wote kwa pamoja.

Wiki ya pili ya Majilio tuligombana.

Ilikuwa Jumatano, tarehe 13. Katekista alisema ingefaa tuombee Bethlehemu yenyewe, maana mwaka ule viongozi wa makanisa ya kule walikuwa wamefuta sherehe kwa sababu ya vita vya Gaza. Kanisa moja la Kilutheri lilikuwa limemlaza Mtoto Yesu juu ya kifusi badala ya hori. Kabla hajamaliza, kijana mmoja wetu akasema sisi kama Wakristo tumeagizwa kuiombea Israeli, na watu waliochinjwa na kutekwa tarehe 7 Oktoba je, wao si watu? Mama mwingine akamjibu kwa hasira kwamba watoto wa Gaza wanakufa kila siku na wewe unaleta siasa. Kijana akasimama. Mtu akasema "wale watu wako." Akajibiwa, "Na wako je?"

Ningeweza kuyaandika yale maneno yote, lakini yaliyonishika hayakuwa maneno. Ilikuwa sauti. Sauti ile naijua. Ni sauti ya Nakuru ya Januari 2008.

Katika ile kelele, shosho akainua mkono kama mtoto wa shule. Wakanyamaza kwa heshima ya mvi zake. Akasema, "Mimi mwaka ule wa vita vyetu nililala Showground. Nilikuwa nimefiwa na nimechomewa. Kuna kitu nimekuwa nikijiuliza tangu wakati ule. Wenzetu wa upande wa pili walikuwa Afraha. Je, kule Afraha kuna mtu hata mmoja aliyetuombea?"

Hakuna aliyejibu. Katika chumba kile, mtu aliyekuwa na jibu ni mimi, na nilikuwa nimeinamia daftari.

Inabidi nirudi nyuma. Jumapili, tarehe 30 Desemba 2007, ilikuwa sikukuu ya Familia Takatifu. Uchaguzi ulikuwa umefanyika Alhamisi na nchi nzima ilikuwa inasubiri matokeo. Injili ya asubuhi ile ilikuwa ya Yusufu kuamshwa usiku na malaika, amchukue mtoto na mama yake akimbilie Misri, kwa maana Herode anamtafuta mtoto amwangamize. Nilikuwa na mwanangu wa miezi mitano mgongoni. Niliisikiliza kama habari ya watu wa kale. Jioni mshindi wa urais akatangazwa, na kabla usiku haujaingia sawasawa, moto ulikuwa umewaka sehemu nyingi za nchi. Tarehe 1 Januari watu waliokimbilia kanisani Kiambaa, karibu na Eldoret, wakachomewa humo humo.

Nakuru ilichelewa. Tulidhani tumepona. Ikalipuka usiku wa Alhamisi, tarehe 24 Januari, ikaendelea siku tatu, kukawekwa kafyu, helikopta za jeshi zikizunguka. Tulikuwa tumepanga nyumba mtaa wa Kaptembwo. Sitaeleza nilichoona njiani. Nyumba iliungua na cherehani yangu ya kwanza ndani yake. Tuliokuwa wa makabila fulani tulikimbilia uwanja wa mpira wa Afraha. Wa kabila jingine walikuwa Uwanja wa Maonyesho, ule tunaouita Showground. Hata ukimbizi tuliugawana kwa kabila.

Afraha kulikuwa na mama mmoja aliyekuja kila jioni na sufuria ya uji. Hakuwa mkimbizi, alitoka mjini. Alivaa leso ya kijani kiunoni. Kabla ya kukumiminia alikuuliza, "Unaitwa nani? Na mtoto?" Baada ya uji alisimama katikati yetu akatuombea kwa majina, wote aliowakumbuka, na alikumbuka wengi. Nikasikia jina la mwanangu likitamkwa mbele ya Mungu na mtu asiyenijua. Niliona ni kama nimefunikwa blanketi.

Jioni ya nne au ya tano, alipomaliza majina yetu, akasema: "Sasa tuwaombee wale wa Showground. Nao wana watoto. Ee Bwana."

Watu wachache wakaitikia chini chini. Wengine waliinuka wakaondoka. Mimi nilibaki nimekaa, uji wake bado u moto mkononi mwangu, nikauma meno. Sikuitikia. Na sikuitikia kwa makusudi. Nilitaka Mungu aone kwamba sikuitikia.

Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia zile, baadaye ilihesabu waliouawa nchi nzima kuwa watu 1,133. Nimeisikia namba hiyo redioni mara nyingi, nami nimeitaja katika sala za kumbukumbu. Ile kimya yangu sikuwahi kuitaja popote, hata kwa padri katika kitubio. Nilijiambia haikuwa dhambi. Mtu halazimishwi kuomba.

Jumatano ile ya 2023 tulifunga sala bila kuelewana. Kwa kuwa naishi jirani na shosho, nilimshika mkono kumpeleka nyumbani. Njia ilikuwa tope tupu. Nilimulika na simu. Tulipofika penye mfereji, nikamwambia.

"Shosho, kuna aliyewaombea. Afraha. Mama mmoja wa uji. Aliwaombea kila jioni, nafikiri. Mimi nilikuwepo. Alipotuambia tuitikie, mimi nilikataa."

Akasimama. Nilidhani ni miguu. Nikageuza mwanga, nikaona anatabasamu na machozi yanamtoka.

"Kumbe kulikuwa na mtu," alisema. "Kumbe kulikuwa na mtu." Alilirudia mara nyingi sana, kama mtu aliyerudishiwa kitu kilichopotea. Kuhusu mimi alikuwa kama hajasikia. Tulivuka mfereji, tukafika mlangoni kwake, akatafuta ufunguo kwenye leso, akafungua. Ndipo akageuka.

"Na wewe, basi itikia sasa."

Nikiwa nimesimama pale kizingitini nilisema, "Twakuomba utusikie." Miaka kumi na tano na miezi kumi hivi baadaye. Akasema "Amina," akafunga mlango, maana mvua ilikuwa inaanza tena.

Jumapili iliyofuata, ya tatu, ile ya mshumaa wa waridi, niliandika maombi mawili, moja baada ya jingine: la watu waliotekwa tarehe 7 Oktoba ambao familia zao zilikuwa zinahesabu siku, na la watu wa Gaza. Kwa Gaza nilikuwa nimetafuta mahali pa kushika, nikapata parokia yao, pekee ya Kikatoliki katika eneo lile, inayoitwa Familia Takatifu. Papa Fransisko alikuwa akiipigia simu karibu kila jioni kuuliza wanaendeleaje, na hakuacha hadi siku zake za mwisho mwaka 2025. Mimi hilo la simu limenifundisha zaidi ya mahubiri mengi. Mtu mwenye dunia nzima ya kuombea alichagua namba moja akawa anaipiga.

Nilisoma asubuhi ile bila kujua kwamba siku moja kabla, Jumamosi tarehe 16, mama mmoja na binti yake walikuwa wamepigwa risasi na kufa ndani ya uwanja wa parokia hiyo hiyo. Katekista alituletea habari hiyo Jumanne, kwenye Novena, zile sala za siku tisa kabla ya Krismasi. Yule kijana aliyesimama kwa hasira wiki iliyopita ndiye aliyeomba kuisoma sala ya jioni ile. Sikumuuliza kilichombadilisha, na sidhani ni vizuri kumuuliza mtu jambo kama hilo.

Lakini Jumanne hiyo tulikuwa na jingine. Jumatatu, tarehe 18 Desemba, Wad Madani ilikuwa imetekwa.

Mama yetu wa Khartoum alikuja amechelewa, akaketi chini. Alikuwa amepiga simu tangu asubuhi ya jana. Namba ya yule anayemwazima mdogo wake simu haikuita kabisa. Watu walikuwa wanakimbia tena, waliokwisha kukimbia mara moja. Alinitazama mimi, katibu, mwandishi wa maombi, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Tuliomba vibaya?"

Jumapili tatu tulikuwa tumemtaja mdogo wake mbele ya altare, kwa jina, pamoja na mji wake. Na mji ukaanguka.

Namshukuru Mungu kwamba hakuna aliyejitia mwalimu usiku ule. Hakuna aliyesema ni mapenzi ya Mungu. Shosho alitoka kwenye kigoda chake, jambo linalomchukua muda, akaketi sakafuni kando yake. Wanawake wengine wakasogea. Tulisali Rozari kwa sauti ndogo, na yeye hakuitikia hata mara moja, na hakuna aliyemtazama kwa hilo. Mimi hasa sikuthubutu. Nilikuwa nimeelewa kwamba kuna kimya cha kukataa na kuna kimya cha mtu aliyeishiwa, na kwamba kazi ya jumuiya katika hicho cha pili ni kumwitikia hadi atakapoweza mwenyewe. Mikono ya Musa ilipochoka kule vitani, Haruni na Huri waliishika, mmoja huku na mwingine kule, hadi jua likachwa.

Baadaye tuligawana zamu. Kila usiku hadi Krismasi mmoja wetu alilala kwake, asibaki peke yake na simu. Tulichanga pesa za kumnunulia salio. Zamu yangu ilikuwa Ijumaa. Nilienda na kitambaa changu cha altare nikimalizia pindo kwa mkono, na kila nusu saa alinyanyua simu, akabonyeza, akasikiliza, akaiweka. Saa tisa za usiku aliniambia nimfundishe hiyo mishono. Tukashona pindo pamoja hadi jogoo akawika, yeye upande wake, mimi upande wangu.

Mara nyingine hufikiria juu ya Ibrahimu, vile alivyojadiliana na Mungu kuhusu Sodoma, kuanzia watu hamsini hadi kumi, kama mnunuzi sokoni. Mpwa wake Lutu alikuwa mle mjini. Soma sura ya kumi na nane ya Mwanzo polepole: Ibrahimu hamtaji Lutu hata mara moja. Anaombea mji wote, hata wenye hatia. Mwanzoni hili lilinichanganya, maana shosho alikuwa amenifundisha kutaja jina. Sasa naona Lutu ndiye aliyemfanya Ibrahimu ausimamie mji. Jina moja moyoni lilimfanya autetee mji mzima. Bila mtu wa kwako mle ndani, ungesema kitu gani kwa ajili ya Sodoma? Ungesema, "Ee Bwana, wakumbuke wote wanaoteseka," ukaenda zako.

Mwaka ule Jumapili ya nne iliangukia tarehe 24 yenyewe. Asubuhi tuliwasha mshumaa wa mwisho, jioni ikawa mkesha. Nilifika kanisani saa tisa za mchana kubadilisha vitambaa, zambarau kutoka, cheupe kuingia. Kanisa lilikuwa tupu, linanukia matawi ya saipresi ambayo vijana walikuwa wamefunga kwenye nguzo. Pembeni mwa kile cha zambarau, karibu na taji la mishumaa, nta ilikuwa imedondoka ikaganda juu ya pindo. Nikaanza kuikwangua kwa ukucha. Ilikuwa upande wake, ile mishono ya usiku wa Ijumaa: mikubwa, imepinda, haifanani na yangu hata kidogo. Nikaacha kukwangua. Nikakikunja hivyo hivyo na nta yake, nikaweka kabatini.

Kwenye mkesha aliisoma sala yeye. Alimtaja mdogo wake na watoto wote wanne kwa Kiswahili, kisha akasema kitu kwa Kiarabu ambacho hatukukielewa, kisha, "Ee Bwana." Kanisa liliitikia kwa nguvu hivi kwamba watoto waliokuwa wamelala waliamka.

Jibu lilikuja mwishoni mwa Januari, kwa ujumbe wa sauti uliopita kwenye simu za watu watatu. Mdogo wake alikuwa amefika Gedaref, upande wa mashariki, kwa miguu na kwa lori, pamoja na watoto watatu. Mkubwa wao, mvulana wa miaka kumi na sita, walipotezana naye njiani. Hadi leo ninapoandika, hatujasikia lolote juu yake. Jeshi liliurudisha mji wa Wad Madani mkononi mwake Januari 2025, wengine wakaanza kurudi kwenye nyumba zao. Jina la yule mvulana bado liko kwenye daftari langu na kila zamu yetu linasomwa. Watoto wadogo wa kigango wanalijua kama wanavyojua majina ya mitume.

Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamezuiliwa kwenye tuta la reli yalipasuka juu ya Mai Mahiu, katika kaunti yetu hii, yakazoa nyumba za watu wakiwa wamelala. Jumatano tulipokutana kila mtu alikuwa na picha kwenye simu. Nilikuwa nimeandika sala, na nakiri niliandika kwa haraka: "Tuwaombee ndugu zetu wote waliokumbwa na mafuriko." Mama yetu akainua mkono.

"Nipeni jina la mtu mmoja wa huko."

Tukatazamana. Mahali pale si mbali, ni safari ya matatu moja, na katika chumba kizima hapakuwa na jina. Katekista akatoka nje akampigia shemeji yake aliyeko Naivasha. Alirudi na jina la mama mmoja aliyekuwa amebebwa na maji hadi kwenye mti, na ambaye bado alikuwa anamtafuta mume wake. Nikaliandika.

Desemba ile ya 2024 Novena ilipoanza, tarehe 16, jumuiya ilikuwa nyumbani kwa mama yetu wa Khartoum. Ni chumba kimoja. Tulikaa kitandani, kwenye ndoo zilizopinduliwa, mlangoni, wengine nje kwenye ngazi. Shosho alipewa kiti. Kahawa yao inapikwa kwenye kibuyu kidogo cha udongo chenye shingo nyembamba, na tangawizi nyingi, inamiminwa kwenye vikombe visivyo na mkono. Iliwachoma wengi wetu koo, tukaomba tena. Nilikuwa nimemwachia kazi ya kusoma tangu Majilio yaanze, kwa hiyo daftari lilikuwa kwake. Akawasha mshumaa, akafungua ukurasa, akaupitisha kidole chake juu ya majina. Nilijua ataanza na yule mvulana.

Alianza na yule mama wa Mai Mahiu.